Mleta uzi acha kushusha hizo picha, panda basi la Mwanza

Simama hapo hapo. Hiyo kanvasi kama hujaitoa kwenye nailoni usiitoe.

Nimesoma uzi wako mara mbili, ya pili nimesoma nikiwa nimesimama. Umezaliwa Tabata, umekulia Tabata, Mwanza umefika mara moja kwenye msiba ukalala siku mbili ukarudi, leo umepata oda ya picha 4 za maisha ya Usukumani za kutundika kwenye loji na mpango wako ni "nishushe picha Pinterest, nichanganye na za akili mnemba, halafu nizipe mkono wangu". Halafu unatuuliza utumie rangi ya mafuta au akriliki, bei upangeje, fremu zifungwe Dar au huko huko. Mdogo wangu, unauliza rangi ya makava ya viti na gari lenyewe halina injini.

Wanaokwambia "piga kazi mkuu, baraka hizo" wapuuze, hawajawahi kurudisha advansi ya mtu. Mimi nimewahi.

Mimi mtu wa Singida, nakaa Arusha. Nilipoanza kuchora nilikuwa napeleka kazi kwa jamaa mmoja mwenye duka la picha za watalii, simtaji, ila kama anasoma hapa ajijue. Huyo ndo aliniharibu. Kila siku wimbo mmoja: "Mteja hajui kitu. Weka Masai, weka mbuyu, weka jua linazama, rangi kali, funga kazi anza nyingine." Na mimi mbuzi wa kamba nikafuata. Miaka mitatu nachora Wamasai na sijawahi kukaa na Mmasai hata nusu saa, ukiacha yule mlinzi wa geti letu ambaye nilikuwa namdai buku 5. Kwetu Singida kuna mawe makubwa yamekaa kama yamepangwa na mtu, kuna vitunguu, kuna alizeti, kuna kuku ambao ndo kitambulisho chetu nchi nzima, sikuchora hata kuku mmoja! Niliona ni ushamba.

Sasa 2019 akaja mzee mmoja mstaafu, mtu wa Machame, uchagani kwenye miteremko ya Kilimanjaro, amejenga nyumba kwao. Anataka picha 5 za maisha ya uchagani kama alivyokua yeye utotoni. Sentimita 120 kwa 90 kila moja, jumla milioni 3, akatoa advansi milioni 1 na laki 2 keshi mezani. Sikuwahi kushika hela hiyo kwa mkupuo. Nikalipa kodi ya miezi sita, nikanunua kanvasi, iliyobaki sitaki hata kuielezea. Nikamuuliza yule bosi wangu wa duka, niende Machame kwanza nikakae? Arusha mpaka Machame si safari ya kusema unaaga watu. Akanicheka. "Nauli ya nini na simu unayo?"

Nikakaa na simu, wiki saba.

Siku ya kupeleka nikakodi kipikapu, nikavaa shati la kola. Mzee kaita familia nzima, yupo mpaka bibi mmoja mzee sana, shangazi yake, kawekewa kiti mbele kabisa. Nimeamkia, nimepewa chai, nikafunua ya kwanza. Ng'ombe watatu wanajilisha kwenye uwanda wa majani, nyuma migomba. Kimya. Bibi akasema kitu Kichaga, watu wakaanguka kicheko. Namuuliza kijana pembeni amesemaje, ananiambia "bibi anauliza hao ng'ombe wametoroka kwa nani, mbona hakuna anayewatafuta."

Nilikuwa sijui! Kule ng'ombe anakaa bandani, majani yanamfuata yeye. Kina mama wanashuka tambarare kukata majani wanapanda nayo kichwani, na vigogo vya migomba vinakatwakatwa analishwa. Hakuna uwanda wa kuchungia, kila kipande ni kihamba cha mtu, yaani shamba la nyumbani la ukoo. Kitu ambacho mtoto wa darasa la pili wa pale anakijua, mimi nimekipaka wiki nzima kwa ujasiri.

Nikafunua ya pili nikidhani itaniokoa. Shamba la kahawa, mistari imenyooka, jua linawaka juu yake. Mzee akauliza hili shamba la mkoloni gani. Kahawa ya kihambani inakaa chini ya migomba, na migomba yenyewe iko chini ya miti mikubwa, huko chini ndo kuna magimbi na maharage, vitu vimepandana kama watu kwenye daladala. Halafu mikungu yangu ya ndizi vidole vyote vinatazama chini. Nenda kaangalie mkungu ukiwa mtini, vidole vinajikunja kwenda juu, ua ndo linaning'inia chini. Nimekula ndizi maisha yangu yote jamani.

Ya tatu wazee wanakunywa mbege, ile pombe ya ndizi ya Wachaga, kwa chupa. Kwa chupa! Nilichora mbege kama bia ya baa, wakati inanywewa kwenye kata ya kibuyu. Ya nne mpaka wa shamba nimezungusha uzio wa miti na miiba, kumbe mipaka yao ni masale, yale majani marefu membamba, na sale hilo hilo ndo mtu anapeleka akienda kuomba msamaha. Mke wangu mpaka leo tukigombana ananiambia ungebeba sale siku ile ungerudi na hela.

Ya tano ndo ilinizika. Mlima wenyewe, Kilimanjaro, machweo, nimeuandikia kabisa chini kwenye kona "Moshi". Mzee akavaa miwani, akasogea. Akanyoosha kidole. "Kijana, kile kilele cha Mawenzi mbona kiko kushoto?" Nikasema mzee ndo ilivyo. Akasema ukiwa Moshi Mawenzi iko kulia kwako. Kushoto unaiona ukiwa umesimama Kenya. Zile picha zote za mlima na tembo nilizoshusha ni za Amboseli, hifadhi ya Kenya, upande wa pili kabisa! Nimemuuzia Mchaga mlima wake mwenyewe ukiwa umegeuzwa. Tena nilishaweka na tembo wawili, na mgunga.

Hakunifokea, hicho ndo kilichoniuma. Alisema tu, taratibu, kwamba huku Machame ndo kwao mchoraji Sam Ntiro. Sikumjua, nikaitikia kama namjua. Usiku nikatafuta. Ntiro alizaliwa 1923 huko huko Machame, akasoma Makerere, akasoma chuo cha sanaa cha Slade kule London, akafundisha Makerere, na nchi ilipopata uhuru akawa balozi wetu Uingereza. Na alikuwa anachora nini mtu mkubwa hivo? Watu wa kwao wakiwa kwenye shughuli zao. Kuna picha yake ya 1956, wanaume wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Basi, ndo picha yenyewe. Ile makumbusho kubwa ya sanaa ya kisasa ya New York, MoMA, ikainunua 1960. Mtu kazaliwa mlimani kabisa, anachora pombe inapelekwa harusini, mimi wa kutoka Singida ndo nimekazana na theluji na tembo.

Advansi nilirudisha kwa miezi 11, laki, laki na nusu, mwezi mwingine elfu 60 na meseji ndefu. Yule bosi wa duka nilipomwambia akasema "huyo mteja msumbufu". Msumbufu! Mtu analijua zizi la mama yake unamwita msumbufu.

Sasa sheria yangu, na sina nyingine: KAA KWANZA. Kaa pale siku nzima, asubuhi mpaka giza, na daftari na penseli, brashi hairuhusiwi kutoka kwenye begi. Ikiwezekana siku tatu. Mimi nilirudi Machame nikiwa bado nadaiwa, nikaomba kwa yule bibi nikae kihambani kwake, nikapewa kigoda. Siku ya kwanza sikuona kitu, majani tu. Siku ya pili nikagundua mwanga wa chini ya migomba ni wa kijani, hauna machweo kabisa, sura ya mtu mweusi pale chini ina ukijani kwenye shavu. Hiyo simu haikuniambia. Nikasikia maji ya mfereji kabla sijayaona. Nikaona bibi anavyokata kigogo cha mgomba kwa panga bila kuangalia, anaongea na ng'ombe. Nikachora hiyo, ndogo tu, sentimita 40. Mzee akainunua. Zile nyingine hajaniambia tena.

Kwa hiyo wewe, kabla ya lolote: nenda. Usifikie hotelini mjini upige picha yale mawe ya ziwani useme umemaliza. Panda gari ya Kisesa, ingia Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma uulize maswali ya kijinga, wamezoea. Kisha toka nje ya mji. Angalia majaruba ya mpunga, angalia nani anashika jembe la ng'ombe na nani anatangulia mbele. Angalia michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, inavyoanikwa. Nenda mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, alfajiri uone dagaa wanavyomwagwa mchangani, na uulize kwa nini mbalamwezi ikiwaka taa za wavuvi zinapungua ziwani. Kama unataka kuchora pamba usiende Januari, haijapasuka, subiri mwezi wa 5 au wa 6. Na tafuta bibi. Kila kijiji kina bibi mmoja atakayeicheka picha yako, bora akucheke ikiwa bado ya penseli.

Loji ikikwambia hakuna muda, omba wiki mbili. Wakikataa, kataa. Najua hela inauma, mimi nimeilipa kwa miezi 11 nisikilize.

Rangi? Mchoraji Tingatinga mwenyewe, mtu wa Tunduru, alipaka rangi za baiskeli kwenye mbao za dari pale Msasani, na dunia nzima inamjua. Rangi siyo tatizo lako.

Halafu kama hujanunua kanvasi, mimi ninazo 3 kubwa, moja ya tembo wawili na mlima uliogeuka, moja ya ng'ombe waliotoroka, moja ya chupa za mbege. Fremu nzima kabisa. Nitakutumia kwa basi, utapaka juu yake.