Tatizo ni mchanga kwenye dagaa

Swali lenu la wiki hii linauliza ni chakula gani cha hapa hapa kinachoweza kumwimarisha mama mjamzito wa kijijini. Kwa sisi wa kando ya ziwa jibu ni dagaa, ila awe ameanikwa kichanjani, yaani juu ya meza ya miti na nyavu, si chini mchangani.

Nauza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, na mizigo yangu hutoka Ukerewe na visiwa vya Buchosa. Dagaa wa kichanjani anang'aa, hana uvundo, na huyo ndiye anayepanda basi kwenda mbali. Aliyeanikwa chini akanyeshewa huishia kwenye chakula cha kuku. Wa katikati, mwenye mchanga, ndiye anayebaki kijijini. Sasa mpelekee mwanamke mwenye mimba changa, anayetapika kwa harufu ya mafuta tu, mboga inayokwaruza meno. Ataisukuma kando ale ugali kwa chai ya rangi, halafu wataambiana kwamba anadeka.

Na anachokisukuma ni kikubwa. Dagaa huliwa pamoja na mifupa yake, kwa hiyo protini, madini chuma na kalsiamu huingia kwa pamoja, wakati mifupa ya sangara tunaitupa.

Mimi hufanya hivi: naosha dagaa safi upesi, nawakausha kwenye kikaango bila mafuta mpaka wavunjike kwa vidole, natwanga, nachekecha. Kijiko kimoja au viwili kwenye mgagani wa karanga au kwenye mlenda, mama anakula bila kukunja uso. Unga huo unafaa zaidi wakati wa mbalamwezi, maana taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri na bei sokoni hupaa. Mwenye kopo lake ndani hana habari.

Viazi lishe vya rangi ya chungwa vimeshasemwa sana. Niongeze tu kwamba vitamini A yake inataka mafuta kidogo, na ukivianika juani kuwa michembe, sehemu yake hupotea. Chai isubiri saa moja au mbili baada ya chakula, kwa kuwa inazuia madini chuma. Embe au ndimu vinayasaidia. Vidonge vya kliniki visiachwe hata kama sahani imejaa. Ile imani kwamba mjamzito akila mayai mtoto huzaliwa bila nywele siigusi, bibi zetu wana kesi ya kujibu.

Tukirudi kwenye mchanga: wanawake ndio waanikaji, lakini wengi wanaanika mali ya mwenye mtumbwi, na yeye ndiye anayeamua mzigo ulale wapi. Kichanja ni miti na nyavu tu, ila mtu hajengi kwa ajili ya mali isiyo yake. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na 4 kati ya hizo ni za vikundi vya wanawake. Vikundi vya wanawake wa mwaloni, huko dagaa wanakoshushwa na kuanikwa, viombe fedha hizo kwa ajili ya vichanja, maturubai ya mvua, na mtaji wa kununua dagaa mbichi wao wenyewe. Kisha waandike kwenye katiba ya kikundi kwamba kila mzigo ukikauka, ndoo moja inapimwa kwa wajawazito wa kitongoji kabla gunia la kwanza halijashonwa.

Muuza dagaa, Kirumba, Mwanza