Je, daktari anayeandika kipimo anajua kiasi cha mionzi yake?

SWALI: Ndugu Mhariri, mama yangu ana umri wa miaka 68. Katika muda wa miezi 14 amepigwa siti-skani ya tumbo mara tatu, katika hospitali mbili tofauti. Nilipomuuliza daktari aliyeandika kipimo cha tatu kama mionzi hiyo haitamdhuru, alinijibu kuwa ni sawa na eksirei ya kifua. Je, madaktari hufundishwa jambo hili, na je, niwe na hofu juu ya mama?
Binti mwenye wasiwasi, Majengo, Moshi

JIBU: Dada yetu, pole kwa kuuguza. Jibu ulilopewa halikuwa sahihi. Kwa milisiverti, yaani kizio cha kupimia mionzi inayoingia mwilini, eksirei moja ya kifua humpa mgonjwa 0.1 au pungufu ya hapo, ilhali siti-skani ya tumbo humpa takriban milisiverti 8, yaani mara themanini au zaidi.

Kosa hilo si la daktari huyo peke yake. Mwaka 2003 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti uliofanyika Uingereza, ambamo madaktari 130 waliulizwa kuhusu mionzi ya vipimo wanavyoviandika kila siku. Takriban majibu yote yalikisia kiasi kidogo kuliko kilichopo, na wachache kati yao hawakujua hata kwamba ultrasaundi (picha ya mawimbi ya sauti) na MRI (picha ya sumaku) hazitumii mionzi ya aina hiyo kabisa. Nionavyo mimi, chanzo ni kwamba somo la mionzi huachiwa wataalamu wa idara ya picha, wakati kalamu inayoamua mgonjwa apigwe picha au asipigwe imo mikononi mwa daktari wa wodini na wa kliniki.

Jambo hili linanigusa sana, kwa sababu ya namna ulinzi wenyewe ulivyopangwa. Mtumishi wa chumba cha eksirei huvaa kifuani kipimio, yaani kifaa kidogo cha kupima mionzi inayomfikia, kinachosomwa mara kwa mara, na kiwango chake hakitakiwi kuzidi wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka. Hapa nchini usimamizi huo ni wa Tume ya Nguvu za Atomiki, ambayo ina maabara zake Njiro, Arusha. Mgonjwa havai kipimio, wala hakuna ukomo wa mwaka uliowekwa kwa ajili yake, kwa kuwa haifai kumnyima mtu kipimo kitakachomwokoa. Kinachomlinda ni daktari kujiuliza kama picha hiyo inahitajika kweli, na asiyejua kiasi cha mionzi hawezi kulipima swali hilo sawasawa.

Kutojua huko huumiza upande wa pili pia. Mama mjamzito mwenye dalili za homa ya mapafu huweza kunyimwa eksirei ya kifua kwa hofu tu, ingawa mionzi inayomfikia mtoto katika picha hiyo ni kidogo mno. Mkutano wa kimataifa kuhusu kinga ya mionzi katika tiba, uliofanyika Bonn, Ujerumani, mwaka 2012 uliweka mafunzo ya watumishi wa afya miongoni mwa hatua kumi ulizozihimiza, na ningependa kuona somo hilo likitahiniwa kwa kila mwanafunzi wa udaktari kabla hajaanza kuandika vipimo.

Sasa kuhusu mama. Siti-skani tatu za tumbo ni takriban milisiverti 24, kiasi ambacho binadamu kwa wastani hukipata katika miaka kumi kutokana na mionzi ya asili ya ardhi, anga na chakula. Hatari ya saratani huongezeka kidogo tu, nayo huchukua miaka mingi kujitokeza, kwa hiyo kwa umri wake ni ndogo kuliko hatari ya ugonjwa usiotambuliwa. Usimzuie kupima. Omba nakala za picha zote tatu pamoja na majibu yake, uende nazo kila kliniki, na kikiandikwa kipimo cha nne, muulize daktari kwa heshima kama zile za awali hazitoshi na kama ultrasaundi haiwezi kujibu swali lilelile.