Kabla hujamrudisha darasa la kwanza: niliyojifunza kwa watoto wangu watatu

Mama mwenzangu, nimekusoma mara mbili. Kwa wanaoingia sasa hivi: mwanawe ana miaka 7, yuko darasa la pili, mtihani wa mwezi kawa wa 61 kati ya 74. Dada yake alipokuwa umri huo alikuwa hatoki tatu bora. Lakini huyu mdogo, mwalimu akimsimamisha asome, anainamisha kichwa na kunyamaza. Baba anasema achapwe, shangazi anasema arudishwe darasa la kwanza, na yeye anafikiria kumhamisha shule.

Mimi si mwalimu. Ni fundi cherehani, naishi Morogoro, nina watoto watatu, na kila mmoja nimemkosea kwa namna yake. Jibu litakuwa refu, mnivumilie.

Nianze na wangu wa pili kwa sababu ndiye anayefanana na wako. Alipokuwa darasa la pili ripoti iliandikwa "ni mzito kuelewa". Nikaamini. Kila jioni nilimkalisha na kitabu, nikimwambia soma, naye kimya. Nikipandisha sauti, machozi. Nikishika fimbo, hata yale aliyoyajua jana yanapotea. Sijivunii, lakini nilimchapa, na si mara moja.

Siku moja umeme ulikatika ofisini, nikatoka nje kupunga upepo. Yeye na mdogo wake walikuwa chini ya meza ya kukatia. Nikasikia sauti inasoma taratibu: "Mama Zawadi, gauni, kifua 38, mikono mirefu. Mzee wa duka la dawa, suruali, punguza pindo." Alikuwa anasoma daftari langu la oda! Na mwandiko wangu mnaujua nyie mlionishonesha, hata mimi hunishinda. Mtoto "mzito" anamsomea mdogo wake mwandiko wa fundi.

Nilirudi ndani nikakaa. Kusoma alikuwa anajua. Kumbe kilichokuwa kinamshinda ni kusoma akiwa ameangaliwa.

Jirani yangu ni mama mstaafu, alifundisha chuo cha ualimu miaka mingi. Nilipomsimulia hakushangaa. Akanieleza kwamba mwaka 1956 huko New York, madaktari wawili wa akili, mtu na mkewe, Alexander Thomas na Stella Chess, walianza kuwafuatilia watoto zaidi ya 130 tangu uchanga hadi ukubwani. Walitaka kujua mtoto anazaliwa na nini kabla malezi hayajamgusa. Waliangalia mambo tisa, mengine mama yeyote anayajua bila kusomea: anavyochakarika, kama analala na kula kwa saa zilezile, anavyopokea kitu kigeni, anachukua muda gani kuzoea, analia kwa nguvu kiasi gani, anang'ang'ania kazi au anaiacha njiani. Kiasi cha asilimia 40 walikuwa watoto rahisi. Asilimia 10 walikuwa wagumu kwelikweli. Asilimia 15 walikuwa wale wanaochelewa kuzoea: ukimletea jambo jipya anarudi nyuma kwanza, analitazama, halafu kwa wakati wake anaingia. Waliobaki walikuwa mchanganyiko tu.

Kilichonigusa ni kwamba, kwa maelezo yake, wale madaktari hawakusema kuna tabia nzuri na tabia mbaya. Walisema shida inakuja pale mtoto na mazingira yake vinapokuwa havifaani. Mimi hapo nikaelewa kifundi: kitambaa cha kuvutika ukikishona na sindano ya jinzi kinatoboka na mshono unaruka. Kitambaa hakina kosa. Umekosea sindano.

Sasa nini nilifanya. Jirani alinipa kazi: siku 14, andika unachokiona kwa macho tu. Usiandike "mvivu", usiandike "mkaidi". Andika saa ngapi, nani alikuwepo, nini kilitokea. Nilichukua daftari lingine la oda. Nakumbuka mstari mmoja: "Jumapili, saa 9 mchana, mjomba amekuja. Amekataa kumwamkia, kajificha nyuma ya mlango. Saa 10 kasoro, kamkalia mapajani anamwonyesha gari la waya." Ile shikamoo ilikuwa imenitia aibu miaka mitatu! Ndugu walinisema kwamba mtoto hana adabu, namlea kizungu. Daftari likanionyesha kuwa kila mgeni ni hivyohivyo: dakika 20 hadi 40 za mlango, halafu anafunguka kuliko wote. (Mama mkwe alipoona naandika alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe mume wangu, mwenye sauti kubwa hivi, utotoni alikuwa akisikia hodi anaingia uvunguni.)

Shikamoo sikuisamehe, msinielewe vibaya. Mtoto wa Kiswahili ataamkia wakubwa, awe na haya asiwe nazo. Nilichobadilisha ni maandalizi. Namwambia mapema: leo anakuja babu fulani, utamwamkia, halafu ukitaka nenda kacheze. Akishajua kinachokuja, anaamkia.

Shuleni nikaenda bila hasira, nikiwa na lile daftari. Mwalimu ana watoto 80 na kitu, sikutegemea maajabu, nikaomba mambo mawili tu. La kwanza, akitaka kumsimamisha asome, amwambie jana yake ni ukurasa gani. La pili, kwa muhula mmoja amwache asome kwa mwenzake wa dawati badala ya mbele ya darasa zima. Yule mama alikuwa muungwana, alikubali. Muhula wa kwanza hapakutokea kitu. Wa pili alisimama akasoma mistari miwili. Mwisho wa mwaka akawa wa 34. Hajawahi kuingia kumi bora mpaka leo, yuko sekondari, na sijali. Fimbo ningeendelea nayo, nadhani angekuwa amechukia kitabu kabisa.

Kwa hiyo kabla ya shangazi kushinda kesi, msikilize huyo mtoto akiwa hajui unasikiliza. Mpe kitu cha kumsomea mdogo wake, au paka. Ikiwa hapo pia silabi hazitoki, basi ni jambo lingine, kweli ana pengo kwenye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) na anahitaji kurudiwa polepole. Ni vitu viwili tofauti na dawa zake tofauti. Na ukimhamisha shule sasa, mtoto wa aina hii unamrudisha sifuri: walimu wapya, lugha mpya, njia mpya. Atakaa nyuma ya mlango mwaka mzima.

Wangu wa kwanza ndiye huyo dada mtu kwako, mtoto rahisi. Analala mapema, anakula alichopewa, anafua soksi zake. Nilimsahau. Si kwamba sikumpenda, ila moto ulikuwa unawaka kwingine. Alipofika darasa la tano akashuka ghafla, nikasema ni utu uzima unaanza. Kumbe alikuwa haoni ubaoni. Alikuwa ananakili kwa jirani yake kwa zaidi ya mwaka, na hakusema kwa sababu "mama ana kazi nyingi". Mtoto mtundu angekuwa ameshapiga kelele siku ya kwanza.

Kuna utafiti mmoja jirani alinisimulia ambao mpaka leo nikiukumbuka nasisimka. Mtafiti anaitwa Marten deVries alikuwa kwa Wamasai wakati wa ukame mkali miaka ya 70. Aliwagawa watoto wachanga, 10 watulivu na 10 wasumbufu. Aliporudi baadaye alizipata familia 7 za watulivu na 6 za wasumbufu. Kwa watulivu, watoto watano walikuwa wamekufa. Kwa wasumbufu, mmoja. Idadi ni ndogo, huwezi kujengea sheria, lakini maelezo yake yanaingia akilini: anayelia ndiye anayenyonyeshwa. Nilipousikia nilimwaza mwanangu na ule ubao.

Kwa hiyo dada, na huyo wa tatu bora wako mwangalie pia. Na wote wawili wapime macho na masikio kabla ya jambo lolote. Ile karatasi yenye herufi E zinazoelekea huku na huku haihitaji mtoto ajue kusoma, anaonyesha kwa vidole tu imeelekea wapi, akiwa amesimama mita 6. Masikio, simama nyuma yake umnong'oneze jina. Kama amewahi kutoka usaha, usisubiri, mpeleke.

Mdau mmoja hapo juu ameshauri ujue kama mtoto ni "wa kuona", "wa kusikia" au "wa vitendo" kisha umfundishe hivyo tu. Kwa heshima, hapana. Kikao cha wazazi kiliwahi kuletewa jamaa anauza kipimo cha aina hiyo, shilingi 35,000 kwa kichwa, nikalipa mbili. Wangu wa pili akaambiwa ni "wa kuona", wiki sita baadaye nikarudia bure, akawa "wa kusikia". Mwaka 2008 wanasaikolojia wa Marekani, akina Pashler, walipitia tafiti za jambo hilo na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtoto kwa "mtindo wake" kunamfanya ajifunze zaidi. Watoto wote wanahitaji kuona, kusikia na kushika. Haya ninayosema mimi ni mengine: anavyopokea mambo, si mlango gani wa akili uko wazi.

Mumeo usimpinge mbele ya mtoto. Mpe yeye daftari aandike siku saba za mwisho. Wangu aliandika siku tatu akaacha, lakini fimbo iliondoka ndani bila mimi kuisemea tena.

Wa tatu mtaniuliza siku nyingine. Huyo ni wa ile asilimia 10 ya watoto wagumu, na ujanja wote niliouandika hapa kwake unagonga mwamba. Kwake natumia kazi: jedwali la kuzidisha tunalisoma tukiwa tunahesabu vifungo, kwa sababu akikaa tu dakika 5 anaanza kufungua vitu. Jana nimetoka kununua uzi, nimerudi nimekuta cherehani langu la ovaloki liko vipande vipande juu ya mkeka, skrubu zimepangwa kwa ukubwa. Amelirudisha lote. Imebaki skrubu moja, na hatujui inatoka wapi.