Shangazi Alexandra ni nani?

Maswali ya wasomaji kuhusu vitabu. Anajibu mwalimu mstaafu wa fasihi, Moshi.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu ana miaka 14, yuko kidato cha pili, na darasani wanasoma To Kill a Mockingbird cha Harper Lee. Tangu akianze, nyumba yangu imegeuka mahakama. Juzi kampelekea mlinzi wetu chai kwenye kikombe cha kabatini, vile vya wageni. Mlinzi ni Mmasai wa Monduli, mtu mpole, ana kikombe chake cha bati kinachokaa nje karibu na bomba, na hajawahi kulalamika. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Machame, akaona, akanung'unika mpaka usiku. Nikamwambia binti aache ujuaji, kila mtu ana kikombe chake. Akanijibu: "Mama, wewe ni Aunt Alexandra kabisa." Huyo Alexandra simjui, ila kwa sauti aliyoitumia najua si sifa. Halafu nasikia humo ndani kuna kesi ya kubaka. Niende shule nikaombe wabadilishiwe kitabu?
Mama Neema, Njiro, Arusha

JIBU: Marahaba, Mama Neema. Shule usiende.

Alexandra ni dada yake Atticus Finch, shangazi wa Scout, msichana anayetusimulia hadithi. Tuko Maycomb, mji wa kubuni katika jimbo la Alabama, Marekani, kuanzia mwaka 1933. Scout anaanza akiwa hajatimiza miaka sita. Mama yake alishafariki, baba ni wakili, na anayeiendesha nyumba ni mpishi Mweusi, Calpurnia. Shangazi anahamia pale ili huyu mtoto anayevaa ovaroli na kupigana na wavulana alelewe kike. Si mtu mbaya hata kidogo. Anapokea wageni vizuri, anampenda kaka yake, na anajua doa la kila ukoo mjini: hawa ni walevi, wale ni wacheza kamari. Scout akitaka kumkaribisha Walter Cunningham, mtoto wa mkulima fukara, shangazi anakataa, kwamba si wa hadhi yetu. Akitaka kwenda kumtembelea Calpurnia kwake, shangazi anakataa kabla hata baba hajafungua mdomo.

Basi binti amekuweka hapo, na nadhani amekupimia kwa haki. Angeweza kukuita Bob Ewell, yule mlevi anayemsingizia mtu kesi.

Kilichomfanya afungue kabati, nina hakika, ni sura za mwanzo. Huyo huyo Walter analetwa nyumbani kula mchana, anaomba shira na kuimwaga juu ya nyama na mboga. Scout anamshangaa kwa sauti. Calpurnia anamwita jikoni na kumsuta: mtu yeyote akishakanyaga humu ndani ni mgeni wako, na usijione bora kuliko yeye. Kisha Scout anamalizia chakula chake jikoni. Mama Neema, anayetoa somo hilo ni mwanamke ambaye, kesi ikisikilizwa, nafasi yake ni roshani ya juu waliyotengewa Weusi. Kwangu mimi hapo ndipo kitabu kinapoanza hasa, hata kama wengi hukumbuka mahakama tu.

Na mahakama yenyewe isikutishe. Tom Robinson, mwanamume Mweusi, anashtakiwa kumbaka Mayella Ewell, binti Mzungu wa yule Bob, na Atticus ndiye wakili wa kumtetea. Mayella aliumizwa upande wa kulia wa uso, kwa hiyo yaelekea aliyempiga alitumia zaidi mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto wa Tom ulinaswa na mashine ya kuchambua pamba akiwa mdogo na haufanyi kazi. Kaka yake Scout, Jem, anayekaribia miaka 13, anaupima ushahidi huo kule juu roshanini na kuona kesi imekwisha, wameshinda. Wazee wa baraza, wote Wazungu, wanamtia Tom hatiani. Jem analia kwa hasira. Matusi yamo, hasa neno la kuwadharau Weusi. Lakini kilichomo hasa ni mtoto anayegundua kwamba watu wazima wa mtaani kwao, wanaomsalimia kila siku, wanaweza kuuona ukweli wakaupita. Mtoto wa miaka 14 mwenye simu ameshasikia mabaya kuliko hayo, tena bila mwalimu wa kumweleza.

Ugomvi wangu na Harper Lee uko kwingine. Tom anapigwa risasi 17 akijaribu kutoroka gerezani, na Atticus anakwenda kumpa mkewe, Helen, habari hiyo. Uani watoto wanacheza gololi. Kabinti kadogo kanatokea mlangoni, Atticus anakanyooshea kidole akashike, kanatabasamu. Helen anatoka, na kabla hajaambiwa neno anaanguka chini. Na hata hayo tunasimuliwa na Scout, naye alisimuliwa na rafiki yake Dill aliyekuwepo. Hao waliokuwa wakicheza gololi walikua vipi? Kitabu kizima kinahuzunikia utoto wa Scout na Jem, na wa Tom wanapata ukurasa. Calpurnia tunamfuata hadi kanisani, ambako nyimbo zinaimbwa kwa kufuatisha mstari kwa mstari kwa kuwa wengi hawajui kusoma, lakini kwake hatufiki kamwe. Ndiyo maana napenda wanafunzi wasome pia Kasri ya Mwinyi Fuad cha Adam Shafi, cha mwaka 1978, ambamo mtumishi wa tajiri wa Unguja, Kijakazi, anapewa nafasi yake. Mnunulie Neema hicho badala ya kumnyang'anya kile.

Kuhusu kikombe sitakuamulia, nyumba ni yako. Ila usiseme hajawahi kulalamika. Alalamike kwa nani, na mshahara unautoa wewe? Mama mkwe muachie mjukuu. Bibi humsikia mjukuu kuliko mkwe. Na usidhani nawasema watu wa Arusha tu. Jem anajaribu kuwapanga watu wa Maycomb katika aina nne, mdogo wake anakataa, anasema watu ni watu. Sisi wa mlimani tungemwongezea Jem aina: Mmachame yuko hivi, Mkibosho yuko vile, Mrombo usimguse, na yote hayo yanasemwa kwa kicheko mpaka siku ya posa. Mmasai akishika rungu getini tunamwiga lafudhi hata mbele ya watoto.

SWALI: Mwalimu, nikitazama filamu yake inatosha kwa mtihani?
Kidato cha nne, Majengo, Moshi

JIBU: Haitoshi. Ni filamu nzuri ya mwaka 1962, na Gregory Peck alipata Oscar kwa kumwigiza Atticus. Lakini safari ya kanisani kwa Calpurnia haimo, na shangazi hayumo kabisa. Ukiandika habari za shangazi kwa kutegemea filamu utaandika hewa. Soma kitabu, mwanangu.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Tulikuwa tunabishana kijiweni: huku kwetu enzi za mkoloni kulikuwa na wakili wa kusimama na wanyonge kama Atticus, au hayo ni ya vitabuni tu?
Fundi pikipiki, Usa River

JIBU: Marahaba. Tena ulipo wewe ni Meru, ungewauliza wazee kwanza.

Mwaka 1934, Scout akiwa bado wa madarasa ya chini kitabuni, mjini Arusha ilifunguliwa Arusha School kwa ajili ya watoto wa Kizungu. Kwa hiyo roshani za kutengana tulikuwa nazo. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi, nyumba zikachomwa. Wakili wao aliitwa Earle Seaton, mtu Mweusi kutoka Bermuda, aliyekuwa akifanya kazi ya uwakili hapa Moshi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, Mmeru mwenyewe, alifika New York na kuzungumza Umoja wa Mataifa. Walishindwa: hoja ya kuwatetea haikufikisha theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu.

Tofauti na Maycomb naiona hapa. Tom Robinson anatetewa, basi. Wameru walichanga fedha zao, wakamtuma mtu wao akaseme. Kama unataka kushinda ubishi wa kijiweni, tumia hilo. Seaton na Japhet waliandika kitabu pamoja, The Meru Land Case, kikatoka mwaka 1967. Ukikikuta kwa wauza vitabu vya mtumba kinunue, na kama wana kopi ya pili nibakizie.