Maswali ya Wasomaji: Kuhama kutoka virt-manager kwenda Cockpit

Swali: Tuna seva sita za Linux zenye mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva). Miaka yote tumezisimamia kwa programu ya virt-manager iliyosakinishwa kwenye kompyuta za mafundi watatu. Sasa tumeagizwa tuhamie Cockpit, programu ya kusimamia seva inayofunguliwa kwenye kivinjari. Je, mashine zitabidi ziundwe upya? Tuanzie wapi?

Jibu: Hakuna mashine itakayoundwa upya. Kazi yote hufanywa na libvirt, programu ya kuendesha mashine pepe iliyo ndani ya seva. Virt-manager huipa amri tu, na Cockpit huzungumza na libvirt ileile. Kwa hiyo zana zote mbili zinaweza kutumika kwa pamoja, na tunawashauri mfanye hivyo kwa wiki chache. Red Hat ilitangaza kwamba virt-manager inaelekea kuachwa katika toleo la 8 la mfumo wake, mwaka 2019, lakini Debian na Fedora bado wanaitoa. Hamna sababu ya kukurupuka.

Kwanza wekeni nakala ya maelezo ya kila mashine kwa `virsh dumpxml jina > jina.xml`. Kisha sakinisheni vifurushi viwili, `cockpit` na `cockpit-machines`, kwa dnf au apt. Cha pili husahaulika sana, na mtu akiingia hukuta hakuna ukurasa wa mashine pepe kabisa. Washeni kwa `systemctl enable --now cockpit.socket`. Kwenye seva zinazotumia firewalld (ukuta wa kuzuia miunganisho ya mtandao), fungueni njia kwa `firewall-cmd --permanent --add-service=cockpit`, halafu `firewall-cmd --reload`. Baadaye mkiona `systemctl status cockpit` inasema huduma imelala, si hitilafu: huamka mtu anapogonga poti 9090.

Kazi kubwa iko kwenye akaunti. Kama virt-manager yenu inaunganishwa kwa `qemu+ssh://root@seva/system`, maana yake mafundi wote watatu huingia kama root, yaani msimamizi mkuu mwenye haki zote, na hakuna anayeweza kujua nani alizima mashine gani. Cockpit hutumia akaunti za seva yenyewe, na katika matoleo ya karibuni root huzuiwa na faili `/etc/cockpit/disallowed-users`. Msiliondoe jina la root humo ili kurahisisha mambo. Mpeni kila fundi akaunti yake, mwingizeni kwenye kundi la `wheel` (kwa Debian ni `sudo`) linaloruhusu kutumia haki za msimamizi kwa amri ya sudo, na mhakikishe akaunti ina nywila. Aliyezoea kuingia kwa ufunguo wa SSH pekee, bila nywila, atakataliwa kwenye ukurasa wa kuingilia hata kama haki zake zote ziko sawa.

Swali: Nimeingia Cockpit lakini mashine mbili hazionekani, ingawa kwenye virt-manager zipo.

Jibu: Huenda ziliundwa chini ya `qemu:///session`, yaani ni mali ya mtumiaji mmoja, si ya mfumo mzima. Ingia kwa akaunti ya huyo mtumiaji, au endesha `virsh -c qemu:///session list --all` ukiwa yeye, utaziona.

Swali: Tumeweka Cockpit nyuma ya nginx, seva ya wavuti inayopokea maombi na kuyapitisha kwake. Ukurasa wa kuingilia unafunguka vizuri, lakini ukishaweka nywila unakuwa mweupe. Cheti cha usalama (cha HTTPS) tulichokisasisha nacho hakitumiki kwenye poti 9090.

Jibu: Soma `journalctl -u cockpit`. Ukikuta maneno `bad Origin`, Cockpit haitambui anwani ambayo kivinjari kimetumia. Kwenye `/etc/cockpit/cockpit.conf`, chini ya `[WebService]`, andika `Origins = https://` ikifuatwa na jina kamili la tovuti yenu, bila mkwaju (/) mwishoni, na `ProtocolHeader = X-Forwarded-Proto`. Upande wa nginx, weka `proxy_http_version 1.1`, na upitishe vichwa vya `Host`, `X-Forwarded-Proto`, `Upgrade` na `Connection`. Baada ya kuingia, Cockpit hufanya kazi zake kupitia WebSocket, muunganisho unaobaki wazi kati ya kivinjari na seva. Vichwa viwili hivyo vya mwisho visipopita, ukurasa hubaki mtupu.

Kuhusu cheti, Cockpit husoma folda ya `/etc/cockpit/ws-certs.d/` na kuchukua faili la mwisho kwa mpangilio wa alfabeti. Kama cha zamani kinaitwa `50-ofisi.crt` na kipya `10-ofisi.crt`, cha zamani ndicho kitakachotumika. Kiondoe, na uhakikishe ufunguo una jina lilelile la cheti kipya, ukiishia na `.key`.

Swali: Je, ni salama kuifungua poti 9090 kwa intaneti nzima ili tufanye kazi tukiwa nje?

Jibu: Hapana. Huo ni ukurasa wa nywila unaofikisha mtu kwenye sudo. Tumieni VPN, au handaki la SSH: `ssh -L 9090:localhost:9090 fundi@seva`, kisha fungueni `https://localhost:9090`. Ili seva isikilize ndani tu, endesheni `systemctl edit cockpit.socket`, na chini ya `[Socket]` muandike `ListenStream=` tupu, halafu mstari wa pili `ListenStream=127.0.0.1:9090`. Ule mstari mtupu ndio unaofuta mpangilio wa awali. Mkiuruka, mpangilio huo hautafutika. Malizeni kwa `systemctl restart cockpit.socket`.

Swali: Tuiondoe virt-manager kabisa?

Jibu: Iacheni kwenye kompyuta moja. Cockpit haina kihariri cha XML nzima ya mashine, na mipangilio mingine ya kina haimo. Kwa fundi aliyezoea mstari wa amri, `virsh edit jina` inatosha.