Ukituma picha kwenye grupu, tuma na swali

Vidole gumba kumi na viwili, mioyo minne, na "kali sana kaka". Wengi wanaoanza kupiga picha hawaambulii zaidi ya hapo kwenye magrupu ya wapigapicha, kisha lawama zinakwenda kwa wakongwe: wana roho mbaya, hawataki kufundisha. Wa namna hiyo wapo, lakini mara nyingi kasoro iko kwenye ujumbe wenyewe. Picha iliyotupwa grupuni bila neno haiombi kitu. Anayeiona saa tatu usiku, amechoka, kioo cha simu amekipunguza mwanga, hajui kama unauza, unajisifu au unataka msaada. Anabonyeza kidole gumba, anapita.

Ujumbe unaoleta majibu ya maana una vitu vinne: picha moja, hali ya mwanga mahali ulipopigia, namba za kamera (milimita za lenzi; f/, yaani uwazi wa tundu la lenzi; kasi ya shata, yaani muda mwanga unaoingia; na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga), na swali moja. Kwa mfano:

"Wakuu, habari za jioni. Hii nimepiga sebuleni saa kumi na nusu, mwanga wa dirisha unatoka kushoto. Canon 2000D, lenzi ya 18-55 nikiwa kwenye 55, f/5.6, 1/60, ISO 400. Nilitaka macho ya bibi yaonekane kwanza, ila naona mtu anaanza kuangalia kitambaa chekundu nyuma. Pale pale, kabla ya kuediti, mngefanya nini tofauti?"

Mjuzi akisoma hivyo ana pa kuanzia. Ataona kwanza kwamba 1/60 kwenye 55 ni kamari. Kanuni ya kushika kamera mkononi ni kwamba shata isiwe ya polepole kuliko moja gawanya kwa milimita za lenzi, na kwa Canon zenye sensa (kipande kinachonasa picha) ndogo, kama hii 2000D, unazidisha kwanza milimita hizo kwa 1.6. Hapo 55 inakuwa 88, kwa hiyo usishuke chini ya 1/100. Atakwambia pia ISO 400 ulijibania bure: ungepanda 800, shata ingefika 1/125 na picha ingekuwa na mwanga ule ule. Kuhusu kitambaa, ama ukiondoe ama usogee hatua mbili kulia kijifiche nyuma ya kichwa cha bibi. Majibu yote hayo yamezaliwa na namba ulizotaja. Kama hukuziandika siku ya kupiga, fungua taarifa za picha kwenye simu au kompyuta. Kamera huzihifadhi ndani ya faili.

Kwa nini picha moja? Ukituma kumi, watu wanachagua moja wanayoipenda na kusema "ya tatu iko poa". Hapo umepata kura, hujapata ukosoaji. Ruhusa ya kutuma mbili ipo pale tu unapolinganisha kitu kimoja: iliyoeditiwa na isiyoeditiwa, au fremu ya wima na ya mlalo za tukio hilo hilo.

Swali nalo lisiwe "mnaionaje?" Uliza kitu kinachoweza kujibiwa kwa sentensi mbili. "Uso una kivuli upande mmoja, nimekizidisha?" "Ningekata wapi upande wa kulia?" Swali ninalolipenda kuliko yote ni hili: "Ungesimama wapi?" Linamtoa mkosoaji kwenye rangi na vichujio, linamrudisha kwenye miguu, na makosa mengi ya anayeanza huanzia huko.

Faili linavyoharibika njiani

Kamera ya megapikseli 24 inatoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000. Ukiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida, inafika imebanwa hadi chini ya pikseli 2000 upande mrefu, imepoteza ukali, na zile taarifa za kamera zimefutwa. Halafu mtu anakukosoa kwamba picha haina ukali, kumbe anakosoa kazi ya WhatsApp.

Dawa yake ni kuandaa nakala ya kutuma: pikseli 2048 upande mrefu, JPEG yenye ubora wa 80 hivi, na rangi za sRGB, mfumo wa rangi unaotumiwa na simu nyingi. Programu za kuediti za Snapseed na Lightroom ya simu zote zinaweza kupunguza ukubwa wakati wa kuhifadhi. Hilo la sRGB lisikupite: kamera iliyowekwa Adobe RGB, mfumo mwingine wa rangi, hutoa picha ambayo kwenye simu nyingi inaonekana imepauka, na utaambiwa "ongeza rangi" bila sababu. Kisha itume kama hati, si kama picha. Faili la ukubwa huo ni nyepesi, mara nyingi halifiki megabaiti moja au linazidi kidogo tu, wakati faili halisi la kamera laweza kufika megabaiti kumi. Hilo nalo ni adabu. Bando la watu si lako.

Jihadhari na jambo moja. Faili lililotumwa kama hati hubaki na taarifa zake zote, pamoja na mahali picha ilipopigwa kama simu yako inarekodi eneo. Picha ya mtoto wako iliyopigwa nyumbani inaweza kumwonyesha mtu usiyemjua ramani ya kufika mlangoni. Zima urekodi wa eneo kwenye programu ya kamera, au ufute eneo kabla ya kutuma.

Ukitaka kukosolewa juu ya ukali, hata hiyo nakala ndogo haitoshi. Ongeza kipande kilichokatwa kwenye faili halisi bila kupunguzwa, jicho tu na nyusi, kwa sababu "picha ina ukungu" ni magonjwa matatu na kila moja lina dawa yake. Ikiwa kila kitu kimevutika kuelekea upande mmoja, ni mkono wako uliotikisika: ongeza kasi ya shata au egemea ukuta. Ikiwa ukuta ni mkali na mikono ya mchezaji ngoma ndiyo imefutika, aliyesogea ni yeye, na hapo tripodi haikusaidii hata kidogo. Anza na 1/500. Ikiwa sikio ni kali na jicho si kali, fokasi ilitua pasipostahili: acha kamera kujichagulia, tumia nukta moja na uiweke kwenye jicho lililo karibu nawe. Anayekujibu "nunua lenzi nzuri" kabla ya kuona kipande hicho anabahatisha.

Kuyachuja maoni

Yakija majibu, usijitetee. "Hapo kulikuwa na giza", "mteja alitaka hivyo": ukishaanza hivyo, wa pili na wa tatu wananyamaza. Jibu kwa swali la kufuatilia au kwa asante, basi.

Kutojitetea si kukubali kila kitu. Tenganisha kosa na ladha. Upeo wa bahari kulalia upande ni kosa, kama hukukusudia. Nguzo ya umeme inayochomoza kichwani mwa bwana harusi ni kosa. "Mimi ningeifanya nyeusi na nyeupe" ni ladha, na anayesema hivyo huenda anazifanya zote nyeusi na nyeupe. Kipimo rahisi ni kuangalia kama watu watatu wasiojibizana wameonyesha sehemu moja ya picha. Hata kama dawa zao zinapingana, sehemu hiyo ina shida.

Kuna ushauri unaozunguka kila grupu ambao unaweza kuuacha upite. "Piga kwa manual", yaani upange kila namba mwenyewe, ni mmoja. Ukiweka kamera manual na kuuleta mshale wa mwanga kwenye sifuri, unapata mwanga ule ule ambao kamera ingekupa kwenye Av au A, ambako wewe unachagua f/ na yenyewe inapanga shata, umechelewa tu. Manual ina faida pale mwanga hautulii machoni mwa kamera ilhali kwa uso haubadiliki, mfano jukwaa lenye taa za rangi nyuma. Mwingine ni ubishi wa Canon na Nikon na Sony. Huo haujawahi kumnyoosha mtu upeo wa bahari.

Maoni ya "iko giza" ndiyo magumu kuyapima, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Kwanza, si yote yanatoka kwenye picha. Simu zinazojipunguzia mwanga usiku, au zilizowashwa kichujio cha manjano cha kulinda macho, zinadanganya. Fungua histogramu, grafu inayoonyesha sehemu za giza kushoto na za mwanga kulia: kama mlima wote umesongamana kushoto na upande wa kulia ni mtupu, basi kweli iko giza.

Pili, jua kwa nini kamera ilikosea. Kipimo chake kinadhani kila kinachokiona kwa wastani ni kijivu cha katikati. Bibi harusi mwenye gauni jeupe anayejaza fremu, au kanzu kumi kwa pamoja msikitini siku ya Idi, kamera inaona ni mwanga mwingi mno na kupunguza. Weupe unageuka kijivu na nyuso zinazama. Ongeza fidia ya mwanga (alama ya +/- kwenye kamera) kati ya +0.7 na +1. Mtu aliyesimama na anga jeupe la mchana nyuma yake anahitaji zaidi, +1 hadi +1.7, na ukubali anga lipotee. Kinyume chake, uso mweusi na suti nyeusi vikijaza fremu, kamera inapandisha mwanga kupita kiasi, paji la uso linang'aa kama limepakwa mafuta, na ngozi inapoteza rangi yake, shuka -0.3 au -0.7. Anayekwambia "ng'arisha ngozi" kila mara bila kuuliza nyuma kulikuwa na nini, msikilize kwa sikio moja.

Mpya anaruhusiwa kukosoa

Wengi hukaa kimya wakidhani bado hawajafika. Lakini huhitaji kujua kamera ili useme jicho lako lilitua wapi kwanza, likaenda wapi, likakwama wapi. Maoni ya namna hiyo wakongwe huyathamini, maana wao wameshazoea kuangalia picha kifundi na hawawezi tena kuiona kama mtazamaji wa kawaida. Kwa kila picha unayotuma, toa maoni kwa tatu za wengine, na yawe na sehemu: "mkono wa kulia umekatwa kwenye kiungo, ungeukata juu ya kiwiko au uuache wote." Unaweza kupiga picha ya skrini, ukachora mstari wa pale ungekata, ukairudisha. Omba ruhusa kabla ya kuediti picha ya mtu. Wengine hukasirika, na wana haki.

Hapo ndipo majina huanza kukumbukwa. Mtu anayehitaji msaidizi wa kupiga picha harusini Jumamosi hamtafuti mwenye kamera ghali. Anamwita yule ambaye maoni yake yanaonyesha ana macho.

Grupu la mamia lina kazi zake: bei, mafundi wa kamera, matangazo ya kazi. Humo pia wamo wauzaji wa lenzi wanaotaka hela itumwe kwanza, na mashindano ya kulipia kiingilio yasiyo na jina la jaji. Ukosoaji unakwenda vizuri kwenye kikundi cha watu wanane hadi kumi na wawili waliochaguana humo humo. Kila Jumapili usiku mada moja, picha moja kwa mtu, na kila mmoja anawajibu wawili walio juu yake. Matangazo na video za kuchekesha zipelekwe kwingine tangu siku ya kwanza, maana hizo ndizo huua vikundi.

Mkubaliane pia kuhusu nyuso za watu. Ruhusa ya kupigwa picha si ruhusa ya kusambazwa, hasa kwa watoto na wagonjwa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mwaka 2023 shule moja ya Kenya ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Grupu nalo ni kusambaza.

Mara moja kwa mwezi mkutane, watu watano au sita, si zaidi, maana umati unawafanya watu wa mtaani wajifunge. Ufuo wa Coco kule Dar es Salaam, Forodhani ya Zanzibar au mtaa wenu unatosha. Mfike saa kumi na moja jioni. Huku karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa. Kutoka nyuzi 6 juu ya upeo hadi kuzama ni dakika 24 hivi, kwa hiyo ule mwanga wa dhahabu haumsubiri anayebadilisha lenzi. Epukeni bandari, kambi za jeshi na majengo ya serikali. Wote mpige kitu kimoja, tuseme mtumbwi mmoja, kila mtu kutoka pembe yake. Usiku wekeni picha zote pamoja kwenye kikundi bila majina, kila mtu aandike alisimama wapi baada tu ya wengine kukisia.

Na ile picha ya bibi ya mwanzo, rudi sebuleni saa ile ile, shata 1/125, kitambaa kimeondolewa. Itume ukijibu ujumbe wako wa kwanza ili zote mbili zionekane, na uwataje waliokushauri.