Vumbi au moshi? Usiamini namba moja ya lidari

Wadogo zangu mnaoanza kucheza na data za lidari, ile mashine inayorusha leza angani na kupima mwanga unaorudi, swali naloulizwa kila siku ni nitajuaje hili tabaka huko juu ni vumbi, moshi au chumvi ya bahari. Jibu la haraka ni polaraizesheni, yaani upande ambao mwanga unatetema. Leza inatoka ikiwa inatetema upande mmoja tu, ikigonga kitone cha maji kilicho duara inarudi vilevile, ikigonga punje ya vumbi yenye makona makona inarudi imevurugika, basi ile iliyovurugika unaigawa kwa ile iliyobaki sawa, hiyo ndo namba yenyewe. Kwa leza ya kijani, urefu wa wimbi nm 532 (nanomita), vumbi la Sahara linasoma kama 0.3, chumvi yenye unyevu chini ya 0.05, barafu ya mawingu ya juu 0.4 hivi.

Sasa watu wakishika hizo namba wanaona kazi imeisha. Mi kabla ya yote napanda kwanza kwenye hewa safi, ambako ni molekuli tupu, pale namba haitakiwi kuzidi 0.015, ukikuta 0.05 achana na vumbi kabisa kaangalie mashine yako, aidha zile sensa mbili, ya mwanga uliovurugika na ya uliobaki sawa, hazijalinganishwa au mwanga wa upande mmoja unavujia upande wa pili. Zungusha filta ya polaraizesheni nyuzi 45 huku, afu 45 kule, linganisha. Inachosha ila fanya.

Moshi ndo msumbufu kuliko wote. Ukiwa mbichi unasoma chini, ila ule wa moto wa misitu ya Kanada wa Agosti 2017 uliofika Ulaya ukiwa kwenye stratosfia, tabaka la hewa lililo juu ya mawingu ya kawaida, ulisoma karibu 0.2, yaani mtu angeapa ni vumbi limechanganyika, kilichouumbua ni leza ya nm 1064 ambako ulishuka hadi 0.04 hivi wakati vumbi lingebaki juu ya 0.2. Kwa hiyo kama una rangi zaidi ya moja zitumie zote. Na unyevu pia angalia, maana chumvi ikikauka inakuwa fuwele na namba inapanda.

Mnaotumia data za lidari za setelaiti, nyie mna lenu. Kuna vibapa vya barafu vinaelea vimelala, vinarudisha mwanga kama kioo bila kuuvuruga, barafu inaonekana kama maji! Ndo maana Novemba 2007 leza ya setelaiti ya CALIPSO iliinamishwa kutoka nyuzi 0.3 hadi 3 toka wima, so ukishusha data za kabla ya hapo usizilinganishe hivihivi na za baadaye.